Neno Nililolikata

Newala,
Ijumaa, baada ya alasiri.

Mwanangu Somoe,

Leo asubuhi umenipa shikamoo yako nami nimekupa marahaba yangu, kwa hiyo sikusalimu tena kama mtu wa mbali. Wa mbali utakuwa kesho. Sasa hivi umekwenda Mnyambe kumuaga bibi yako, na ninavyomjua mama yangu hatakuachia kabla ya magharibi. Atakukalisha akupe habari za ukoo mzima, halafu akufungie makopa ya muhogo uende nayo Dodoma, utadhani Dodoma watu hawali. Nimepata saa mbili tatu za kuwa peke yangu. Nimefunga mlango wa uani, nimekaa kwenye kiti cha baba yako, na nimechukua daftari lako la zamani la Jiografia ambalo lina kurasa tupu nyuma.

Mambo ya safari siandiki. Usile cha mtu usiyemjua, usilale ukamwachia jirani begi lako, ukifika piga simu. Yote hayo baba yako ameyasema tangu Jumatatu, na kila akikumbuka moja alilosahau anarudi kulisemea mlangoni. Mimi nakuandikia kwa sababu ya lile uliloniomba juzi jikoni. Nilisema "tutaona," nikageuka kukoroga ugali ambao ulikuwa umeshaiva. Wewe si mtoto. Uliona kwamba nakwepa.

Ulisema hivi: "Mama, ni video ya dakika mbili tu. Jumamosi tukishuka Masasi tunapanda bodaboda mpaka Chiwata, unakaa na Mama Rehema mkekani, unampa pole kwa yale mliyofanyiwa na wezi wa mtandaoni, mnakumbatiana. Ukilia kidogo si mbaya." Ukasema hiyo ndiyo itakuwa kazi yako ya kwanza, uripoti Jumatatu ukiwa nayo mkononi, na kwamba mkubwa wako amekwambia bila hiyo wataangalia upya kama nafasi ni yako. Wamekuchukua kwa sababu wewe ni mtoto wa yule mama mwenye klipu ya msibani. Hukunificha, nakushukuru kwa hilo. Lakini tangu uliposema nimebanwa, Somoe. Nikikubali nimemuuza Mama Rehema mara ya pili. Nikikataa nimekunyang'anya kazi uliyoihangaikia miaka mitatu. Na siwezi hata kukueleza kwa nini nakataa bila kukwambia jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, baba yako akiwemo.

Nianzie nyuma kidogo, kwenye ming'oko.

Unaikumbuka ile video yangu ya kwanza iliyotembea? Bibi yako yuko porini anachimba ming'oko, vile viazi vyetu vya mwituni, kijiti chake kimevunjika, anasonya, halafu ananigeukia: "We Mama Somoe, badala ya kunisaidia umesimama na kioo!" Basi. Hakuna kingine ndani yake. Niliiweka jioni, na kulipokucha simu ilikuwa inalia mfululizo mpaka nikaogopa. Watu wa kwetu walioko Mwanza, walioko Arusha, askari yuko kambini huko mpakani, muuguzi mmoja akaandika kwamba ameangalia akiwa zamu na wagonjwa wakamuuliza unalia nini. Mwanzoni nilidhani wamempenda bibi. Nilipokaa kuzisoma komenti moja moja nikaona kila mtu alikuwa amempelekea mtu fulani. Dada kampelekea kaka yake. Mwalimu kampelekea mwenzake waliyekula naye ming'oko wakiwa shule. Walikuwa wanaulizana, unakumbuka? Video ya bibi ilikuwa kisingizio tu cha kusalimiana.

Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwenye raha zangu leo. Lakini wapi! Nilishaonja. Kila siku nikawa natafuta ming'oko nyingine. Nikarekodi mabibo, nikamrekodi mama wa jirani akibangua korosho, nikamrekodi baba yako akipulizia mikorosho salfa amejifunga kitambaa usoni, nikamwambia acheke. Akasema, "Nacheka vipi na salfa mdomoni?" Ile waliishea watu wawili, wewe na mjomba wako Saidi. Nilikuwa naamka naangalia, naswali naangalia, ugali unaungua naangalia. Baba yako akaniuliza siku moja, "Mama Somoe, hiyo simu unaitumia au inakutumia?" Nikamjibu vibaya mbele ya wageni. Hilo nalo sijalisahau.

Wewe ulikuwa chuoni Mtwara wakati huo, ukanifundisha kwa moyo mweupe. "Mama, sekunde tatu. Mtu asiposhtuka ndani ya sekunde tatu za mwanzo, anapita zake." Nikaandika kwa chaki kwenye mlango wa jiko, SEKUNDE TATU. Baba yako akauliza ni muda wa kuchemsha nini. Naomba nikwambie mapema, usije ukajitia hatiani unaposoma yanayofuata. Ulinifundisha kitu cha kweli. Nilichokifanyia ni changu.

Ndipo babu yako akafariki.

Hukuwahi kufika mazishini, ulikuwa kwenye mitihani, kwa hiyo unalolijua ni la kwenye klipu na la kusimuliwa. Nikusimulie mimi niliyekuwepo. Siku mbili sikuwa nimelia. Baba yangu mzazi amelala ndani, na mimi nahangaika na masufuria na turubai na nani kalala wapi. Shangazi zako wakaanza kunitazama kwa jicho. Asubuhi ya kuzika tukasikia kelele tangu barabarani, bodaboda haijasimama vizuri mtu ameshashuka: "Yuko wapi huyo mzee mkaidi? Nani kamruhusu kuondoka bila kuniaga?" Alikuwa Mama Rehema.

Unamjua Mama Rehema kama somo yako, aliyekaa nawe ndani ulipochezwa unyago. Mimi na yeye tulichezwa pamoja, mwaka mmoja, mkeka mmoja. Lakini siku ile hakuja kama rafiki yangu, alikuja kwa haki ya ukoo wake. Wao na sisi ni watani tangu enzi ambazo hata bibi yako hazijui. Akikukuta umevaa vizuri atasema umeazima, ukimkuta anakula utasema ameiba, na hakuna wa kukasirika. Mmoja wenu akifa, mwenzake ndiye anayekuja kubeba zile kazi nzito na kuwachekesha wafiwa, apende asipende. Mjomba Saidi akapaza sauti: "Haya, mtani wa marehemu kafika, mpisheni!" Na watu wakampisha.

Alichota maji, Somoe. Unaujua umbali wa maji kwetu. Akachota safari nne kabla ya kukaa, akasugua masufuria, akafagia uwanja ambao sisi wenye nyumba tulikuwa tunaukanyagakanyaga tu. Kisha jeneza lilipotaka kutoka, tukamwona anatokea chumbani amevaa koti la babu, kofia ya babu, bakora mkononi, anakohoa kile kikohozi cha babu cha kutafuta ugoro. Anapapasa mifuko. "Nani kachukua kikopo changu? Mmeniua kwanza mkaniibia?" Akajilaza kukatiza mlango. "Hatoki mtu! Huyu hata kwenda hospitali mlimbembeleza siku tatu, leo mnambeba bila kumuuliza?" Watu walicheka mpaka wakashikana. Mimi nami nilicheka. Saidi akaleta jogoo, akampa, ndipo akainuka na kuachia njia.

Jeneza likatoka. Naye akavua lile koti, akalikunja taratibu, mkono kwa mkono, akaliweka kwenye mkeka, akakaa kando yake. Akasema, "Mtani wangu, sasa nani atanitukana?" Akaanza kulia. Hapo ndipo na mimi kilio changu kilipotoka, na nililia kweli.

Yote hayo nilikuwa nayarekodi, kipande hapa kipande pale. Mfiwa mimi, simu mkononi. Nilijiambia ni kwa ajili ya dada yangu aliyekwama Songea, aone alivyoagwa baba yake. Na ni kweli nilimtumia kipande cha jeneza likitoka, akanishukuru.

Siku ya nne, hitima imeshasomwa na watu wametawanyika, nikakaa jikoni nikaifungua tena. Dakika tisa. Nikaanza kukata. Nilikata kuingia kwake na maneno ya Saidi, maana yalichukua muda. Nilikata maji na masufuria, nani atashtuka kwa mtu kusugua sufuria? Nikakata kulia kwake mwishoni, maana kulikuwa kunapoza. Kikabaki kipande kifupi: mwanamke aliyevaa koti la marehemu anakohoa na kujilaza mlangoni mbele ya jeneza, na watu wanacheka. Juu yake nikaandika kwanza, "Mtani wa marehemu." Nikalisoma. Nikaona mtu akishajua huyu ni mtani, hana tena cha kuuliza. Atatabasamu apite. Nikalifuta, nikaandika, "Tazama huyu mama anachomfanyia maiti!"

Ndiyo, Somoe. Ni mimi. Hakuna mwizi aliyeiba, hakuna mtu wa Dar aliyekata. Wezi walikuja baadaye, wakaweka muziki na vikatuni vya kucheka, lakini waliyoichukua ilikuwa imeshakatwa tayari na vidole hivi. Na sikukosea kubonyeza. Nilijua neno ninaloliondoa na nilijua kwa nini naliondoa.

Ilivyotembea huhitaji kuambiwa. Huku kwetu hata asiye na simu aliiona. Nilifurahi siku nzima, nisikudanganye. Nilikuwa napika huku naimba, kaburi la baba yangu halijakauka udongo. Siku ya pili nikaanza kuzisoma komenti vizuri. Mchawi. Mwehu. Wafungwe hawa. Watu wa kusini ndivyo walivyo. Mmoja akauliza anakaa wapi, na mwingine akamjibu mpaka kitongoji.

Siku ya tatu Mama Rehema akafika hapa kwangu, amechangamka, amevaa khanga mpya. Ameazima simu ya kijana wa jirani yake. Kusoma anasoma kwa taabu, unamjua, na miwani hana. Akakaa pale unapokaa wewe, akaninyooshea simu. "Nimesikia nimekuwa maarufu! Hebu nisomee, mwenzangu, wanasema nini?"

Nikaichukua. Wa kwanza aliandika natamani ningekuwepo nimpige mawe. Nikasoma, "Mama unachekesha, Mungu akupe umri mrefu." Wa pili nikasoma, "Marehemu ameagwa kwa heshima." Nilisoma hivyo kumi au zaidi, natunga, macho kwenye kioo, na yeye anapiga makofi kila baada ya moja. "We! Wamesema hivyo? Watu wana upendo!" Akaniomba nirudie ile ya umri mrefu. Nikairudia, lakini nikaikosea maneno, na yeye hakugundua. Kuna makosa yangu mengi ambayo naweza kuyasimulia nikacheka. Hili siwezi. Nikilikumbuka nikiwa naosha vyombo nasimama tu.

Wiki haikuisha, Rehema mwenyewe akamsomea mama yake zile za kweli. Akaja tena, safari hii bila khanga mpya, na kabla hajafungua mdomo mimi nikawahi. "Wametuibia, mwenzangu! Watu wa mjini wameikata video yangu!" Nikalia. Unajua alifanya nini? Alinishika mabega akanipa pole yeye mimi. "Usilie, Mama Somoe. Wamekufanyia ubaya, msiba juu ya msiba." Akanichotea maji ya kunawa. Tangu siku hiyo nimefungwa na machozi yangu mwenyewe, maana kila mtu aliyekuja kuniuliza nilimpa uongo uleule, na kila niliporudia ukawa mgumu zaidi kuutoa. Nawe nilikupa huohuo kwa simu.

Posa ya Rehema unajua ilivyovunjika. Upande wa bwana harusi ni watu wa mbali, kwao utani wa misibani haupo, au upo kwa namna nyingine, sijui. Waliona kipande kile, wakatuma mtu kusema hawawezi kuoa kwenye nyumba inayocheza na maiti. Mama Rehema alijaribu kueleza. Unamwelezaje mtu kitu alichokiona kwa macho yake? Angehitaji zile dakika tisa. Nami ninazo, Somoe. Ziko kwenye ile kadi ndogo ya simu ya kuhifadhia video, nimeificha. Nilifuta klipu ukurasani mwangu, nikidai wezi ndio waliingia humo wakaiweka, na watu wakanisifu kwa kuifuta, lakini ile nzima sikuiweka hadharani, kwa sababu mtu akiiona atauliza wezi waliipata wapi wakati haijawahi kutoka simuni mwangu, na nani basi aliikata. Nimemwacha mwenzangu aitwe mchawi ili mimi nisiitwe mwongo. Sina namna nyingine ya kulisema.

Shangazi yako Mwanaidi alipofariki mwaka huu, ulikuwepo, uliona. Watani walikuja, wakakaa kwenye mkeka kama wageni, mikono magotini. Wakatoa pole za redioni. Mama Rehema alichota maji, akapika, hakutamka neno la utani hata moja. Nilimsikia Saidi akimnong'oneza, "Mtani, hata kidogo?" Akamjibu, "Simu ni nyingi, kaka." Jeneza likatoka mlangoni bila mtu kulizuia. Watoto wa marehemu walitoka pale macho makavu, na yule mdogo mpaka leo hajalia, anagombana na kila mtu. Ulidhani ni huzuni tu imezidi. Mimi nilijua kilichokosekana na nani amekiondoa.

Na ukurasa nao ukanikaba. Nilirudi kwenye ming'oko, wakaandika, "Tuletee yule mama wa msiba." Nikaweka mabibo, "Yule mama yuko wapi?" Kukaa kimya siwezi, kuwapa wanachotaka siwezi, ndipo nikamwomba baba yako ajifanye ananifokea mbele ya simu kwa ugali ulioungua. Maskini, alikubali kunifurahisha. Kesho yake mnadani wakawa wanamwita Bwana Ugali, na mwanamke mmoja asiyemjua alimtemea mate chini miguuni kwa sababu ya kunionea. Baba yako ambaye hajawahi hata kunyanyua sauti kwa mbuzi! Aliporudi nyumbani alitundika kofia yake msumarini, akasema, "Nimechoka kuwa mtu mwingine." Tangu hapo sijamrekodi. Siku hizi nikifika kisimani mazungumzo yanakatika, kila mmoja anaweka khanga yake sawa, anaangalia mkono wangu una nini. Ndiyo maana nachota maji saa saba ya jua kali. Ulikuwa unanigombeza kwamba nitaugua.

Sasa wewe unakwenda kuifanya hii iwe kazi. Sikukatazi. Ningekuwa na akili yako na elimu yako ningekwenda pia, na najua una kipaji, nimekuona unavyokaa na kitu mpaka kikanyooka. Ninachoweza kukwambia ni kidogo, na nimekipata kwa njia mbaya. Watu hawasambazi kitu kwa sababu ni kizuri. Mtu akisambaza kitu, kuna neno anamwambia yule anayempelekea. Wa ming'oko walikuwa wanaambiana, unakumbuka kwetu? Wa msibani walikuwa wanaambiana, afadhali sisi hatuko hivi. Vyote viwili vinatembea, na hicho cha pili kinatembea upesi zaidi, nisikufiche, kwa hiyo wakubwa wako watakiomba kila siku kwa majina mazuri. Basi kabla hujaweka kitu, lisikilize lile neno. Na uangalie ulichokikata kiko wapi. Kukata lazima ukate, dakika tisa hakuna wa kuziangalia. Lakini kuna kukata ili mtu aelewe, na kuna kukata ili asielewe, na mkono unaoshika simu unaijua tofauti. Wangu uliijua.

Kuhusu Chiwata, nimeamua. Sirekodi. Barua hii nitaichomeka kwenye begi lako basi likitaka kuondoka, kwa hiyo utakapokuwa unasoma hapa nitakuwa nimeshakwambia kwa mdomo, pale Masasi, na najua utakuwa umenuna, umenipa mkono wa kwaheri kama unampa konda. Sawa. Wewe utaendelea na safari, mimi nitapanda bodaboda peke yangu. Simu naiacha kwa baba yako. Nakwenda na ile kadi yenye dakika tisa. Nitamwambia Mama Rehema nilichokifuta, na nitamwambia pia zile komenti nilizomtungia, maana hizo ndizo atakazoumia nazo zaidi. Kisha nitampa kadi. Akitaka kuionyesha dunia nzima ni yake, akitaka kuitupa chooni ni yake. Akinifukuza uani kwake nitatoka. Naogopa, mwanangu. Naogopa kwamba hatanitukana. Tukifika mahali mtani ananisemesha kwa adabu, ujue kwamba hakuna kilichobaki.

Kazi yako ndiyo inayoniuma. Pengine nimeiharibu kwa kukataa. Pengine mkubwa wako atakutazama mikono mitupu Jumatatu na kukwambia rudi kwenu.

Halafu nimeliona jambo hili nikiwa katikati ya kuandika. Ulichoombwa ni wanawake wawili wanakumbatiana. Unachokishika sasa hivi kinazidi hicho mbali sana. Mama wa ile klipu anakiri kwa mwandiko wake kwamba ni yeye aliyeikata, na kadi ipo, na aliyemwita mwizi hayupo. Piga picha kurasa hizi, zitakwenda kuliko klipu yenyewe ilivyokwenda. Hakuna mkubwa atakayekurudisha nyumbani baada ya hapo. Mimi kisimani sitakwenda tena hata saa saba, lakini wewe utakuwa na kazi.

Nilitaka kuandika hapa, usimwonyeshe mtu. Nimeliandika nikalifuta, utaona karatasi imechubuka. Siku ile mlangoni, Mama Rehema alipokuwa amejilaza na koti la babu yako, aligeuza uso akaniona nimemwelekezea simu. Tulitazamana kabisa. Angeweza kusema, Mama Somoe, hii isitoke. Hakusema, akaendelea kukohoa, kwa sababu aliyeshika simu nilikuwa mimi.

Nami sikwambii isitoke. Aliyeishika barua ni wewe.

Mama yako.